Chukua tasnifu, ila punguza mada

Zuhura shosti yangu,

Za huko? Huku Newala wazima, korosho zimeanza kudondoka, kila mtu yuko shamba. Meseji yako nimeiona, unauliza uandike tasnifu au ujazie kozi tu umalize mwaka wa tatu salama. Andika shosti. Ila mada ipunguze mpaka uone aibu kuitaja mbele za watu, mimi nilianza na "Athari za Kiswahili katika Kimakonde" msimamizi akaniambia hiyo ni kazi ya mtu wa PhD, we una miezi mingapi? Nilinuna wiki nzima lakini alikuwa sahihi.

Sahivi nahangaika na sauti moja tu, l. Bibi alikuwa uani anachambua korosho, nikawasha simu narekodi, nikamuuliza mti mnaitaje, akasema nnandi, nikaandika yakaisha. Baadaye anapiga stori zake za shamba nasikia milandi, milandi, nikashtuka, hiyo l imetokea wapi? Kumbe ilikuwepo siku zote, mzizi ni -landi, sema kwenye umoja kile kiambishi mu- kinapoteza u yake, inabaki m inayogeuka n, nayo inaigeuza l iliyo jirani yake iwe n, ndo unasikia n mbili. Kwenye wingi mi- inaishia na irabu kwa hiyo l haiguswi. Nimekirudia kile kipande mpaka bibi akaniuliza kama simu imeharibika.

Afu usifanye nilivyofanya mimi, wiki ya kwanza yote nilizunguka na orodha ya Swadesh, ile ya maneno ya msingi ya kulinganisha lugha, kichwa nini, maji nini, watu wanakujibu taratibu kwa adabu na wengine wanakusogezea Kiswahili ili wakusaidie. Nilipoacha kuuliza nikakaa nao tunamenya ming'oko ndo lugha ikaanza kutoka yenyewe. Ridhaa omba kabla ya kurekodi, hata kwa shangazi yako. Na maiki ya kubana kwenye nguo tafuta mapema maana upepo wa huku mlimani umeniharibia rekodi kibao, nasikia vuuu tu. Kuandika pia kunakula muda, dakika 10 za sauti zinanimalizia siku nzima kwenye ELAN, ile programu ya kuandika maneno sambamba na sauti.

Kusoma, anza na sarufi ya Peter Kraal ya 2005, aliifanyia Leiden kule Uholanzi, ila ni ya Chinnima, lahaja moja tu ya Kimakonde, usije ukadhani kila Mmakonde anaongea vile.

Nina shida moja. Kuna neno la mama mkubwa wa Tandahimba, mimi nasikia n moja, bibi anakataa katakata anasema ni mbili. Nakutumia leo usiku nikipata bando. Vaa hedifoni, sikiliza kwanza we mwenyewe uniambie unasikia ngapi, wala sikwambii nimesikia neno gani.

Wako,
Somoe