Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Aliyetuahidi Umeme wa Ndege Kigoma

Mheshimiwa,

Shikamoo. Barua mbili za mwanzo nilizileta mwenyewe masjala, zikagongwa mhuri mbele yangu, na mpaka leo hakuna jibu. Hii ya tatu naiandika hadharani, kuhusu ile mashine mpya ya kuzipa ndege umeme kiwanjani uliyotuahidi. Jina lako silitaji, wala la kampuni inayohudumia ndege kiwanjani. Wewe unajijua na wao wanajijua.

Mimi ni fundi wa betri hapa Kibirizi. Betri za taa za wavuvi wa dagaa zinapita mikononi mwangu kila siku, kwa hiyo kilichotupata Jumanne nilikielewa kabla rubani hajatangaza.

Nilikuwa nampeleka mzee wangu, miaka 74, kliniki ya moyo Dar es Salaam. Tumeshapanda, mikanda tumefunga. Injini zote mbili zimezimwa. Ile injini ndogo ya mkiani, inayoipa ndege umeme ikiwa imeegeshwa, rubani alisema ni mbovu, tunategemea jenereta ya chini. Jenereta yenyewe niliiona dirishani: ya njano, gurudumu moja halina upepo, na plagi yake imekazwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kama tunavyofunga mzigo wa mawese. Kijana akachomeka. Mashine ikanguruma, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Akawasha tena, ikazima. Mara ya tatu haikuitika kabisa.

Taa za ndani zikafifia. Kiyoyozi hakuna. Nikachomoa ile karatasi ngumu ya maelekezo ya usalama kwenye mfuko wa kiti, nikawa nampepea mzee. Kola ya kanzu ililowa jasho. Hakulalamika, aliniuliza tu, "Mwanangu, tutawahi?" Baada ya saa 1 na nusu tukateremshwa. Miadi ya mzee imesogezwa wiki 7 mbele.

Mheshimiwa, wasikudanganye kwamba ni uzembe wa rubani kutowasha injini kwa betri ya ndege. Betri inaweza kuwasha taa vizuri na bado ikashindwa kuzungusha injini. Muulize mvuvi yeyote mwenye mashine ya boti. Injini ya ndege ya pangaboi inapowashwa hunyonya mamia ya ampea kwa mkupuo, na betri ile ilikuwa imeshabeba taa na redio muda wote tuliokaa. Wala wasikuambie tuvute waya kutoka jengo la abiria. Umeme wa ukutani ni volti 230, mawimbi 50 kwa sekunde. Ndege kubwa zinataka volti 115 zenye mawimbi 400 kwa sekunde, kwa sababu kwa kasi hiyo transfoma na mota zinatengenezwa ndogo na nyepesi. Ya kwetu ya pangaboi inawashwa kwa volti 28 za DC, kama za betri. Lazima pawe na mashine yake, nzima.

Na ule mpira wa baiskeli umeninyima usingizi kuliko moshi. Plagi ya volti 28 ina matundu 3: mawili makubwa ya kupitisha umeme, na moja dogo la jino fupi. Plagi ikichomolewa, jino lile fupi huachia kwanza, umeme unakatwa kabla yale manene hayajaachana, na cheche hazirukii mkono wa mtu. Plagi ikilegea hadi ifungwe kwa mpira, kijana yule analindwa na nini? Ni mtoto wa mtu.

Nashuku mashine ile ililetwa hapa ikiwa imeshachoka kwingine. Moshi wa namna ile kwangu ni nozeli au dizeli chafu, vitu ambavyo fundi wa trekta angevitengeneza kwa siku moja kama angeitwa. Hakuitwa.

Ulisimama mbele yetu, Mheshimiwa, kipaza sauti mkononi, ukasema kabla ya mvua mashine mpya itakuwa imefika. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga. Mvua zile zimenyesha zikaisha, zimekuja nyingine zikaisha. Kigoma tumeishi na majenereta ya dizeli miaka mingi, tunajua kuyatunza. Tupeni moja tu la ndege, zima, na vipuri vyake.

Mtu anaweza kuniambia nimpakie mzee treni. Reli ni zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam. Moyo wake hauwezi kukaa kwenye behewa siku mbili, daktari amekataa.

Sikudai fidia ya tiketi wala sitaki mtu afukuzwe kazi. Naomba mashine. Ya njano, ya bluu, rangi yoyote, iwe inawaka. Wiki 7 zimeanza kuhesabika Jumanne ile, na mzee anazihesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu.

Wako,
Fundi betri, Kibirizi, Kigoma