Wauza laptopu za gemu, tuandikieni wati na memori ya kadi

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji. Nina neno na wanaotangaza laptopu za gemu, iwe gazetini au kwenye magrupu ya WhatsApp huku kwetu Kigoma. Tangazo linasema "RTX, i7, RAM 16, bei maelewano" halafu basi. RTX ni jina la kadi ya grafiki, ile inayochora picha, i7 ni prosesa, na RAM ni memori ya kompyuta yenyewe, tofauti na memori ya kadi. Hapo mnunuzi bado hajaambiwa kitu, na kama ana ile monita pana ya inchi 34 ndo kabisa.

Kuna kijana hapa Mwanga, mchana anaediti video za harusi, usiku anacheza gemu. Alipata monita pana iliyotumika, nzuri tu, akaagiza laptopu Dar ikaja kwa basi. Kwenye skrini yake yenyewe gemu inateleza, akichomeka monita inaanza kukwamakwama, ukigeuza kamera picha inaganda kidogo halafu inaruka. Kumpigia muuzaji, akaambiwa aongeze RAM. Kaongeza mpaka 32, hola. Nilikaa naye tukafungua Task Manager, ile ya Windows inayoonyesha kompyuta inatumia nini, gemu ikiwa inaendelea, upande wa kadi ya grafiki memori imejaa GB 8 yote, RAM imebaki kibao. Na hiyo memori ya kadi imegandishwa kwenye bodi, huiongezi hata ukiwa na hela, kwa hiyo ule ushauri wa RAM ulimmalizia pesa bure.

Hesabu yenyewe iko wazi. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2 na kidogo. Monita pana ya 3440 kwa 1440 ina karibu milioni 5, yaani kadi inachora mara 2.4 zaidi kwa kila picha moja, na wewe unataka picha 60 au zaidi kila sekunde. Sasa majina ndo yanapotosha watu: RTX 4070 ya kompyuta ya mezani ina memori GB 12, ya laptopu yenye jina hilohilo ina 8. RTX 5070 ya laptopu ilivyotoka 2025 nayo ikaja na 8, ukitaka 12 unaenda 5070 Ti, ukitaka 16 ni 5080. Kwa monita pana na gemu nzito za sasa mi namwambia mtu aanzie 12. Kama mfuko unaishia kwenye 8 sio mwisho wa dunia, punguza ubora wa texture (picha za uso wa vitu ndani ya gemu) na uwashe DLSS (njia ya kadi hizi ya kukuza picha) kwenye Quality, hapo kadi inachora kama 2293 kwa 960 halafu inaikuza, mzigo unashuka karibu na wa ile skrini ya kawaida. Gemu za zamani hazina shida.

Halafu wati, hili ndo wauzaji hawalisemi kabisa. RTX 4060 ya laptopu, NVIDIA wenyewe wanaotengeneza kadi hizi wanaruhusu mtengenezaji wa laptopu aipe kuanzia wati 35 mpaka 115, jina linabaki lilelile! Laptopu mbili stika moja, moja inakimbia nyingine inachechemea, na ile nyembamba ya kupendeza mara nyingi ndo iliyobanwa, ukichanganya na joto la huku ziwani feni zinalia tu. Kuangalia ni dakika moja, fungua NVIDIA Control Panel, System Information, soma Maximum Graphics Power. Chaja nayo inasema, ikiandikwa wati 120 usitegemee kadi humo ndani inakula 115.

Tundu za waya pia waziseme. HDMI, tundu la waya wa picha, ile ya zamani ya 1.4, kwenye monita hiyo kwa kawaida inagota picha 50 kwa sekunde, ya 2.0 inafika kama 100, na USB-C nyingine hazitoi picha kabisa, ni za chaji na data tu. Na kwa sisi wa huku, umeme ukikatika laptopu inabaki hai lakini monita inazima na kadi inapunguza nguvu ikiwa kwenye betri, kwa hiyo anayepanga bajeti aweke na UPS ndogo (betri ya akiba) ya monita.

Ombi langu kwako mhariri, kwenye matangazo ya laptopu za gemu mwombeni mtangazaji aongeze mstari mmoja tu: memori ya kadi, wati zake, na aina ya HDMI. Na wewe unayetaka kuagiza wiki hii, kabla hujatuma hela mwambie muuzaji akupigie picha ile kurasa ya System Information na stika ya chaja, akikataa tafuta mwingine, Kariakoo wako wengi.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma