Wachumba wa mataifa mawili waulizwe mapema wataishi kwa visa gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi, wachungaji, mashehe na vijana wa nyanda hizi za juu kusini kuhusu jambo ambalo limeiumiza nyumba yangu na ambalo naliona likiziumiza nyumba nyingine. Siku hizi si ajabu tena kijana wa Rungwe, Mbozi au Mufindi kuoana na mtu wa taifa jingine, na mara nyingi wawili hao hawakusudii kuishi Tanzania wala katika nchi ya mwenzi wake, bali katika nchi ya tatu ambako mmoja wao amekwisha kupata kazi au masomo. Posa inapokewa, mahari inajadiliwa, kamati ya harusi inakusanya michango, ndoa inafungwa, na ni baada ya hayo yote ndipo mtu anauliza mwenzi aliyebaki atakwendaje. Naamini kwa dhati kwamba swali hilo lingetangulia tarehe ya harusi, kwa sababu nchi nyingi hazitazami ndoa peke yake zinapotoa visa, bali zinatazama kwanza yule aliyetangulia anaishi kule kwa hadhi gani.

Binti yangu ni muuguzi nchini Uingereza kwa visa ya kazi. Mume wake ni Mmalawi wa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, na kwa kuwa Kinyakyusa chetu na Kingonde chao vinasikilizana, wazee wa pande mbili walimaliza habari ya mahari bila mkalimani. Ndoa ilifungwa hapa Tukuyu wakati binti yuko likizo, naye akarudi kazini akiamini kwamba mumewe atamfuata baada ya wiki chache.

Kwanza tulitishwa na watu wasiojua. Tuliambiwa kwamba haiwezekani kumchukua mwenzi Uingereza bila mshahara wa pauni 29,000 kwa mwaka, na binti yangu akakaa siku nyingi akipiga hesabu za zamu za usiku ili mshahara wake ufike hapo. Kiasi hicho ni cha kweli, kwani kilipandishwa kutoka pauni 18,600 mwezi Aprili 2024, lakini kinamhusu mtu anayemdhamini mwenzi wake akiwa raia wa Uingereza au akiwa na ukaazi wa kudumu kule. Mwenye visa ya kazi anamchukua mwenzi wake kwa mlango mwingine kabisa, yaani kama mtegemezi wake, na sharti la pauni 29,000 halimgusi. Anachotakiwa kuonyesha ni akiba ndogo ya pauni 285 kwa ajili ya mwenzi huyo, na hata hiyo haitakiwi kama mwajiri amekubali kuyagharamia mahitaji ya mwenzi huyo. Nimeeleza kwa urefu kwa sababu nimeona jinsi habari iliyo sahihi, ikipelekwa kwa mtu asiyehusika nayo, inavyoweza kumnyima usingizi.

Hata mlango huo wa mtegemezi hauko wazi kwa kila anayefanya kazi Uingereza. Wale waliokwenda kuwa walezi wa wazee na wagonjwa majumbani, ambao ni wengi miongoni mwa vijana wa Kiafrika, hawaruhusiwi kuchukua mwenzi wala watoto ikiwa waliingia katika visa hiyo kuanzia tarehe 11 Machi 2024. Wanafunzi nao walifungiwa tangu Januari 2024, isipokuwa wanaosoma shahada za utafiti kama ile ya udaktari wa falsafa, au wanaolipiwa na serikali. Namfahamu kijana mmoja wa hapa kwetu aliyeoa wiki tatu kabla ya kuondoka kwenda kusoma shahada ya uzamili kwa fedha za wazazi, akiwa amemwahidi mke wake kwamba watakuwa pamoja kabla ya Krismasi. Hakuna aliyemdanganya, hakuna aliyemwuliza tu. Angejua mapema, huenda wangeoana vilevile, lakini mke asingeacha kazi yake ya ualimu kwa kusubiri safari ambayo sheria haikuiruhusu.

Nirudi kwa mkwe wangu, maana kilichotukwamisha sisi hakikuwa sheria ya Uingereza hata kidogo, bali herufi moja. Binti yangu anaitwa Atupele katika cheti cha kuzaliwa, katika vyeti vya shule na katika pasipoti. Nyumbani tunamwita Atupelye, kama bibi yake alivyomwita, na aliyejaza cheti cha ndoa siku ya harusi aliandika kama alivyomsikia akiitwa. Sote tulitia sahihi, mimi nikiwa shahidi, kalamu ikipita mkono hadi mkono huku kwaya inaimba, wala hakuna aliyeinamisha macho kusoma. Mkwe alipoomba visa, jibu lilikuja kwamba afisa hakuridhika kuwa mwanamke aliyetajwa katika cheti ndiye huyo mwenye visa ya kazi. Ombi likakataliwa kwa ajili ya hiyo "y".

Kusahihisha kulituchukua miezi mitano. Tulianzia kwa aliyefungisha ndoa, tukaenda kwa wakili kuandaa hati ya kiapo, tukarudi kwa msajili, tukaambiwa nakala iliyobaki katika kitabu cha ndoa inapaswa kulingana na iliyopelekwa makao makuu. Wakati huo cheti cha mkwe cha kupimwa kifua kikuu, ambacho Uingereza inakidai kwa watu wanaoishi Malawi na Tanzania wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi sita, kilimaliza muda wake, kwa kuwa kinadumu miezi sita tu. Ikabidi apimwe upya na alipe upya. Ada ya ombi lililokataliwa haikurudishwa. Tozo ya afya, ile inayolipwa pamoja na ombi la visa, ilirudishwa, na tulimshukuru Mungu, kwani ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa visa, na kwa visa ya miaka mitatu inafika karibu shilingi milioni 10 za kwetu.

Katika miezi hiyo alikuja mtu akasema anaweza kutengeneza cheti kingine chenye jina sahihi kwa siku mbili. Nampongeza binti yangu hadharani kwa kukataa. Anayebainika kupeleka hati ya kughushi Uingereza anaweza kukataliwa visa kwa miaka 10, na hao vishoka wakishapokea fedha yao hawapo siku mtu anapoitwa kujieleza.

Uingereza nimeisema kwa kirefu kwa sababu ndiyo niliyoijua kwa machungu. Nchi nyingine zina milango yake, nami nimejitahidi kuisoma kwa ajili ya wazazi wanaonijia. Ujerumani inataka kwa kawaida mwenzi anayefuata awe na cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ngazi ya chini kabisa ya lugha, kabla ya kupewa visa, nao mtihani huo hufanyika katika taasisi ya Goethe-Institut jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, kwa hiyo muda na nauli vihesabiwe mapema. Anayemfuata mwenye Kadi ya Buluu ya Ulaya, ile wanayopewa wataalamu wenye shahada na mshahara mkubwa, hadaiwi cheti hicho. Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui: Mtanzania aliyeolewa na Mjerumani wanaoishi Ujerumani anadaiwa lugha, lakini aliyeolewa na Mwitaliano anayefanya kazi Ujerumani hadaiwi, kwa sababu huyo wa pili analindwa na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 kuhusu raia wa Umoja huo wanaohamia nchi nyingine mwanachama. Visa ya mwenzi kwa njia hiyo hutolewa bila ada, na kadi ya ukaazi inayofuata hudumu miaka mitano. Ukisikia kwamba mchumba wa mwanao ni Mzungu wa Ulaya, usiishie hapo. Uliza ni raia wa nchi gani na anaishi katika nchi gani.

Marekani ina visa ya mchumba, inayombana mtu kufunga ndoa ndani ya siku 90 tangu aingie, lakini anayeweza kuiomba kwa ajili ya mchumba wake ni raia wa Marekani peke yake, na wawili hao wawe wamewahi kuonana ana kwa ana katika miaka miwili iliyotangulia ombi. Mwenye ukaazi wa kudumu kule hawezi kuitumia njia hiyo. Ataoa kwanza ndipo aombe. Masharti ya Marekani kwa raia wa nchi zetu yamekuwa yakibadilika upesi, kwa hiyo tangazo la ubalozi lisomwe siku ile ile mtu anapotaka kuomba. Kwa walioko Falme za Kiarabu, anayemdhamini mwenzi wake anatakiwa awe na mshahara wa dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba, na cheti cha ndoa kithibitishwe kwanza na Wizara yetu ya Mambo ya Nje.

Kuna wanaouliza kama ndoa ya kimila inatosha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua, lakini afisa wa ubalozi haoni ng'ombe waliovuka kutoka boma moja hadi jingine, anaona karatasi. Ndoa ya kimila isiyosajiliwa haina karatasi, na wanaoishi pamoja miaka miwili na zaidi, ambao sheria yetu huwadhania kuwa wanandoa, hawana cha kuonyesha pale nchi inapodai cheti. Ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya ndiyo inayofanya kazi za usajili kwa niaba ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, na watu wa kwetu waende huko mapema, ndoa ikiwa bado changa na mashahidi wangali hai.

Wazazi wengine wanaogopa kwamba mtoto akipata ukaazi wa kudumu ughaibuni atapoteza Utanzania. Hapana. Ukaazi wa kudumu si uraia. Kinachomwondolea mtu mzima uraia wetu ni kuchukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine, kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima. Mwenzi wa Mjerumani au wa Mwingereza anaweza kuishi kule maisha yake yote kwa kibali cha ukaazi na pasipoti yake ya Tanzania ikabaki mkononi.

Hapa nina ombi kwa wabunge wetu wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo, lakini mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana haki hiyo. Anapaswa kufuata njia ndefu ya wageni wote. Mwanangu wa kiume angeoa Karonga, mke wake angekuwa na njia ya kuwa Mtanzania. Binti yangu ameolewa na mtu wa Karonga ile ile, na siku wakitaka kurudi kujenga Rungwe, mume atakuwa mgeni anayeomba kibali cha kuishi, na kibali kingine cha kufanya kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Sisi tuliomlea binti huyu tunaumia kuona kwamba ndoa yake inahesabiwa pungufu kuliko ya kaka yake, tena kwa watu ambao mto tu ndio uliowatenganisha.

Kwa wachungaji, mapadri na mashehe ombi langu ni dogo na halihitaji kubadilishwa kwa sheria yoyote. Sheria ya Ndoa inataka notisi ya ndoa itolewe siku 21 kabla. Katika siku hizo tunawafundisha vijana kuvumiliana, kusamehe na kutunza nyumba, nami sitaki lipungue neno hata moja katika mafundisho hayo. Iongezwe jioni moja ambayo wachumba watakuja na vyeti vya kuzaliwa na pasipoti, waulizwe wataishi nchi gani, nani ametangulia kule na kwa visa ya aina gani, na kama visa hiyo inaruhusu mwenzi. Kisha majina yanakiliwe kutoka katika pasipoti, herufi kwa herufi, si kutoka katika kadi ya mwaliko wala kutoka kinywani mwa shangazi. Na siku ya harusi, kabla ya sahihi ya kwanza, kwaya inyamaze dakika mbili na cheti kisomwe kwa sauti mbele ya bwana na bibi harusi.

Mkwe wangu alisafiri mwezi wa kumi na nne baada ya harusi.

Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Rungwe