Tulipinga makaa ya mawe, na marufuku ya mikoko pia yalituuma

Mhariri,

Kila nikisoma habari za mazingira gazetini naona watu wamegawanywa mafungu mawili, huku wapenda miti, kule wapenda maendeleo, kama vile mtu hawezi kutaka stima na samaki kwa pamoja. Sisi wa Lamu hatumo kwenye mafungu hayo. Tuliandamana kupinga mtambo wa makaa ya mawe, na ni sisi sisi tuliolia serikali ilipofunga ukataji wa mikoko 2018, na wapo waliotuita vigeugeu.

Ya makaa ya mawe wengi mnayajua. Mtambo wa umeme wa megawati 1,050 ujengwe Kwasasi, hapa hapa Lamu, makaa yaanze kuletwa na meli kutoka Afrika Kusini hadi hapo ya Kitui yatakapochimbwa, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikatoa laisensi 2016. Juni 2019 jopo la kesi za mazingira likaifuta. Watu husema tulishinda kwa sababu ya kasa na matumbawe, lakini kilichoibeba ile kesi hasa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa, manake vile vikao vilifanywa kabla utafiti haujakwisha, vya kujulishana tu, halafu ripoti ilipokuwa tayari na madhara yameandikwa humo hakuna aliyerudi kutuketisha atueleze jivu litamwagwa wapi, na maji moto yakirudishwa baharini samaki watakimbilia wapi. Oktoba 2025 mahakama ya Malindi nayo ikaitupa rufaa ya kampuni. Na tusidanganyane, wako vijana wetu walioutaka mtambo kwa sababu hawana kazi, siwalaumu, ila sidhani kuna aliyewaambia ni wangapi wangebaki na ajira ujenzi ukisha.

Sasa njoo kwa mikoko. Ile marufuku ya 2018 ilitangazwa kwa ajili ya misitu ya bara, mito ilikuwa inakauka, sawa, hilo silipingi hata kidogo. Lakini ikashuka mpaka kwetu huku. Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na watu wameikata kwa laisensi miaka na miaka, fito, pau, mazio, boriti, kila unene una jina lake na bei yake. Mji wa kale wenyewe ambao UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia 2001, inua macho uangalie dari utaona umeshikwa na nini. Ni boriti za mikoko. Yaani nyumba zihifadhiwe lakini fundi aliyetaka boriti moja abadilishe iliyooza akawa mhalifu! Simaanishi hakuna waharibifu, wapo, wa usiku wasio na laisensi, na hao ndio marufuku hayakuwagusa kwani wao hata kabla yake hawakuwa wakiomba ruhusa kwa mtu. Aliyekaa nyumbani bila kazi ni yule aliyefuata sheria.

Nani aliulizwa? Ndio swali langu kwa pande zote mbili. Bandari yetu ilichimbiwa mkondo wavuvi wakapoteza sehemu zao, na 2018 Mahakama Kuu ikasema wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76, na hata hapo malipo yakachelewa. Wala usidhani ni miradi michafu tu, kule Kinangop, Nyandarua, walikuja na umeme wa upepo, kitu kisafi kabisa, wenyeji wakagombana nao kuhusu ardhi mpaka mradi ukafa 2016.

Sheria ya tathmini ya mazingira inataka mikutano ya umma isiyopungua mitatu, na matangazo ya redio kwa lugha za wenyeji. Kwenye karatasi ni nzuri sana. Ila mkutano unaitwa saa nne asubuhi wavuvi wako baharini, ripoti ni ya Kizungu ina kurasa mpaka zinaogopesha, watu wanasaini mahudhurio wanapewa soda, basi, umma umeshirikishwa! Muhtasari wa Kiswahili ubandikwe kwenye madiko na misikitini wiki kadhaa kabla ya kikao, ni gharama gani hiyo kwa mradi wa mabilioni?

Na idara ya misitu nayo isijione imesamehewa kwa vile inalinda miti. Mpango wa kitaifa wa mikoko ni wa 2017 hadi 2027, kwa hiyo muda si mrefu utaandikwa mwingine. Tunaomba wakataji wenye laisensi waitwe wakati rasimu bado inaandikwa, siyo siku ya uzinduzi hotelini, na isemwe wazi ni sehemu gani zipumzishwe, kwa muda gani, na huyo mkataji atakula nini wakati huo.

Msomaji wenu,
Mokowe, Lamu