Kabla ya kulaumu roboti ya kanda, kagueni reki

Mhariri,

Taasisi zinazonunua maktaba za kanda (mitambo ambamo roboti huchukua na kurudisha kanda za kuhifadhia data) kwa ajili ya nakala rudufu zina sababu nzuri: kanda iliyotolewa kwenye mashine haifikiwi na mhalifu wa mtandaoni anayefunga mafaili na kudai pesa. Katriji moja, yaani kasha la kanda, ya LTO-9 (kizazi cha tisa cha kanda za aina ya LTO) inabeba terabaiti 18 kabla data haijabanwa, na inaenea kiganjani. Zabuni huueleza uwezo huo kwa kirefu. Ufungaji wa mtambo hupewa mstari mmoja tu, "kufunga na kuwasha", na matatizo huanzia hapo.

Nazungumzia maktaba za moduli, yaani visanduku vinavyopangwa juu kwa juu ndani ya reki (fremu ya chuma inayobeba mitambo), zenye kimo cha 3U (U ni kipimo cha kimo cha nafasi moja ya reki), mfano wa IBM TS4300 au HPE MSL3040: moduli ya msingi yenye nafasi 40 za kanda na hadi draivu tatu za nusu kimo (draivu ndiyo inayosoma na kuandika kanda), juu na chini yake moduli za nyongeza zisizozidi sita. Roboti ni moja kwa mnara mzima. Inapanda na kushuka kupita moduli zote, kwa hiyo moduli hizo lazima zisimame kama nguzo moja. Zikipishana kidogo, roboti inakwama kwenye kiungo cha moduli mbili, na lawama anabebeshwa mtengenezaji.

Kosa kubwa liko kwenye matundu ya reki. 3U ni milimita 133.35, yaani matundu tisa, lakini matundu hayo hayakuachana sawasawa: ndani ya U moja yameachana milimita 15.9, na kati ya U moja na inayofuata ni 12.7. Fundi akikosea tundu moja kwenye nguzo ya nyuma ya reki, reli inayobeba moduli inalala mshazari, na moduli inainama bila aliyesimama mbele kuona chochote. Hesabu matundu kuanzia chini kwenye nguzo zote nne na uyatie alama ya kalamu kabla ya kushika bisibisi. Hata kabla ya hapo, shusha miguu ya reki hadi magurudumu yasibebe uzito, kisha weka pima maji mbele, nyuma na ubavuni. Reki iliyosimama kwa magurudumu kwenye sakafu ya vigae haifai kwa kazi hii.

Moduli hupandishwa zikiwa tupu, bila kanda wala draivu, na watu wawili, kuanzia ya chini kabisa. Kifuniko cha juu cha moduli ya msingi huhamishiwa moduli ya juu kabisa, na cha chini huhamishiwa ya chini kabisa. Kikisahaulika katikati, njia ya roboti imezibwa. Skrubu za mbele zikaze nusu tu kwanza. Nenda nyuma, funga wenzo wa kulinganisha kati ya kila moduli na jirani yake, ndipo urudi kukaza. Wenzo ukiwa mgumu usiugonge: legeza skrubu, sogeza moduli ya juu kidogo, pini itaingia tunduni yenyewe.

Kisha kuna kufuli la usafirishaji linaloshikilia roboti isicheze njiani. Litolewe kabla ya umeme kuwashwa, na lihifadhiwe nyuma ya mtambo, maana siku ya kuhama litahitajika tena. Wapo wanaolitupa pamoja na maboksi!

Draivu huingizwa kwa nyuma, na nafasi isiyo na draivu ibaki na kifuniko chake, la sivyo hewa ya feni inapita pasipotakiwa na draivu zinachemka. Lebo za msimbopau za kubandika kwenye kanda ziwe za kununua. Karatasi ya kawaida na gundi hubanduka kwenye joto na kunasa ndani.

Kanda mpya zikae chumba hicho saa 24 kabla ya kutumika, hasa mwambao ambako unyevu wa nje na ubaridi wa kiyoyozi havifanani. Kanda mpya ya LTO-9 ikiingia kwenye draivu mara ya kwanza hupimwa kwa wastani wa dakika 40, na huweza kufika saa mbili. Haijakwama, asiwepo wa kuzima umeme.

Ombi langu ni kwa kamati za ukaguzi na mapokezi. Msitie saini kwa kuona taa ya kijani. Mwambieni mzabuni aendeshe jaribio la mfumo mbele yenu, roboti ichukue kanda kutoka nafasi ya chini kabisa hadi draivu ya juu kabisa na kuirudisha, mizunguko mingi bila kosa. Halafu fungueni mlango wa nyuma wa reki mhesabu matundu wenyewe.

Fundi wa vituo vya data,
Dar es Salaam