Risasi nzito za kusubu, na lile bega la nyati

Sakina, Arusha
Jumapili jioni, Julai

Kaka Elibariki,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Tangu Jumanne Mlima Meru haujaonekana, mawingu yameshuka hadi kwenye migomba, na nimekaa na koti ndani ya nyumba. Shemeji na watoto natumaini hawajambo. Hapa sote tu wazima, ila mama yangu kule Kibosho anasumbuliwa na magoti kama kila mwaka msimu huu.

Uliponipigia simu uliniuliza kwa nini nimewaambia vijana wako wasiisome ile namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye boksi la risasi. Nilikujibu juu juu kwa sababu nilikuwa na wageni. Leo nina nafasi, na jambo lenyewe haliishi kwa simu.

Nianze na mwenzetu Lomayani. Ile siku wewe ulikuwa likizo, na nadhani sijawahi kukusimulia yote. Nyati alitoka kwenye kichaka hatua kumi na tano mbele yetu. Lomayani akapiga mara moja kwa bunduki ya .375, risasi ya pua laini, ile inayochanua ikigonga, kwa sababu ndizo tulizokuwa tumepewa. Ikaingia begani, pale pale tulipofundishwa kwenye chuo cha wanyamapori Mweka. Nyati hakuyumba hata kidogo. Alimfikia, akamrusha, akamvunja nyonga kabla mimi sijamaliza kupiga mbili zangu. Jioni wakati wa kuchuna niliitafuta ile risasi kwa kisu mpaka nikaipata. Ilikuwa imechanua kama uyoga, imekaa kwenye msuli nyuma tu ya mfupa wa bega, shubiri moja na nusu tangu ngozi. Kifua hakikuguswa. Baadaye nilimpelekea sonara aipime: gramu 11. Ilitoka kwenye mtutu ikiwa na gramu 19. Boksi lilisema nguvu yake ni jouli 5,700, na zote zilimalizikia kwenye bega.

Tangu siku ile nimekuwa nikilibeba hili swali bila kujua nimuulize nani. Jibu lililonituliza nimelipata mwaka huu, na limetoka kwa mtu ambaye hajawahi kumpiga nyati.

Mwezi wa tano nilitembea Momella, kwenye Hifadhi ya Arusha, siku mbili na mzee mmoja kutoka Alaska. Kwao anavua samoni mitoni, na dubu nao wanavua samoni hao hao. Bunduki ndefu inamzuia kushika ndoano, kwa hiyo hubeba rivolva ya .44 Magnum kifuani. Nilimwambia kwa heshima kwamba bastola kwa mnyama mkubwa ni kujidanganya. Hakubishana. Tulipokaa kupumzika alichukua daftari langu akachora risasi: nene, fupi, pua yake imekatwa bapa kama kizibo. Akaandika pembeni uzito wake, karibu gramu 21, na mwendo wake, mita 365 kwa sekunde.

Nilipiga hesabu pale pale. Uzito ni sawa na wa .375 yetu, ukizidi kidogo. Nguvu ni jouli 1,400 hivi, yaani robo. Kisha akaniambia kwamba kwenye magazeti yaliyoloweshwa maji, risasi yake huzama zaidi kuliko ile ya .375 yenye pua laini. Robo ya nguvu, na inakwenda mbali zaidi! Nilimwomba arudie.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye utamu. Risasi hizo hazinunuliwi tu, wengi huzisubu wenyewe, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu, jikoni au gereji, kama mafundi wetu wanavyosubu sufuria. Sisi kwa Kiswahili tumeshasema ukweli bila kujua: risasi ni jina la madini na ni jina la kinachotoka kwenye mtutu. Madini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu. Lakini risasi tupu ni laini mno, ukiigonga na mfupa inabonyea. Kwa hiyo wanachanganya bati na antimoni. Zamani walipenda madini ya herufi za mitambo ya kuchapia magazeti, yenye antimoni 12 kwa mia na bati 4 kwa mia. Hayo ni magumu sana, na yakizidi ugumu risasi hupasuka ikikutana na mfupa, kwa hiyo fundi mzuri hutafuta katikati: isibonyee na isipasuke. Wengine huzimwaga moja kwa moja kutoka kwenye kalibu zikiwa moto hadi kwenye ndoo ya maji, na antimoni iliyomo huzifanya zikaze zaidi. Kitakoni wanavisha kikombe kidogo cha shaba ili gesi ya baruti isiyeyushe madini, na kwenye mifereji ya ubavuni wanapaka mafuta ambayo kiungo chake kikuu tangu zamani ni nta ya nyuki. Nta ya nyuki, kaka! Nilimpelekea Lomayani habari hiyo kule Ilkiding'a, maana tangu aumie anafuga nyuki, na alinyamaza muda mrefu akiangalia mizinga yake.

Mmarekani mmoja, Elmer Keith, alihangaika miaka mingi na risasi za namna hiyo, pana puani, zenye ukingo mkali, na kelele zake ni sababu mojawapo iliyowafanya watengeneza silaha Smith & Wesson na Remington kuitoa .44 Magnum mwishoni mwa 1955. Alikuwa mchunga ng'ombe na mwindaji, wala hakuwa mtu wa maabara.

Kwa nini zinazama? Fikiria mkuki wa Kimasai na panga. Panga linaweza kupigwa kwa nguvu zaidi na bado likaishia kwenye mfupa. Mkuki ni uzito wote uliojipanga nyuma ya ncha moja. Risasi inayochanua inajigeuza panga katikati ya safari. Ile ya kusubu inabaki ilivyotoka, uzito wote nyuma ya uso ule ule, kwa hiyo mwili hauna namna rahisi ya kuisimamisha.

Jambo la pili mimi sikulijua kabisa. Nilidhani pua ya mviringo ndiyo inapenya vizuri, kwa sababu inateleza. Mzee akanionyesha ni kinyume. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara mia nane, na nyama ni maji kwa sehemu kubwa. Mzunguko unaoishika risasi iende sawa hewani hautoshi ndani ya nyama. Pua ya mviringo huachia nyama iguse mabega ya risasi, na ikiinama kidogo tu upande mmoja unasukumwa zaidi, basi inapinduka na kuondoka njiani. Pua bapa huitupa nyama pembeni, risasi inasafiri kama ndani ya kipovu, na ubavu wake haugusi kitu. Inakwenda moja kwa moja. Kwa hiyo ukipima kina bila kupima unyoofu umepima nusu.

Na hili la kina wenzetu wamelilipia damu. Tarehe 11 Aprili 1986 kule Miami, maofisa wa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walirushiana risasi na majambazi wawili. Mapema kabisa jambazi mmoja alipigwa, risasi ikapita mkononi ikaingia kifuani, ikasimama kabla ya kufika kwenye moyo. Aliendelea kupiga, na maofisa wawili wakafa. Baada ya hapo ndipo wakaweka kipimo chao cha jelatini: risasi izame angalau inchi 12, isizidi 18, yaani sentimita 30 hadi 46. Nilipolisikia hilo niliona bega la yule nyati. Sentimita chache tu, kaka.

Wiki mbili zilizopita nikafanya jaribio langu, kwenye uwanja wa shabaha, kwa kibali, na msimamizi akiwepo. Bastola sikuwa nayo, na kwetu bastola si silaha ya kuwindia. Nilichotaka ni kuona jambo lenyewe kwa bunduki tunazobeba. Nilinunua magazeti ya zamani kwa kilo soko la Kilombero, nikayaloweka usiku kucha, nikayabana kwenye sanduku la mbao lenye urefu wa mita moja na robo. Sentimita tano kutoka mbele nikaweka mfupa wa bega la ng'ombe kutoka bucha la Ngaramtoni. Nikapiga .375 ya pua laini mara tatu na ya solidi, ile ngumu isiyochanua, mara tatu. Za pua laini zote zilisimama kabla ya nusu mita. Za solidi zenye pua bapa zilipita sanduku lote na kuingia kwenye tuta. Kisha nikapiga solidi moja ya pua ya mviringo, ya zamani, niliyokuwa nimeitunza. Ilitokea ubavuni mwa sanduku. Vijana walinyamaza wakaitazama ile tundu.

Ukilifanya huko Mpanda, angalia mambo haya. Kwa joto lenu karatasi zitakauka juu haraka, na karatasi kavu inadanganya, kwa hiyo funika na gunia bichi hadi dakika ya mwisho. Anza na kumaliza kwa risasi ile ile. Matokeo ya hizo mbili yakitofautiana sana, tupa kazi ya siku nzima. Usichukue sentimita za karatasi ukasema ndizo sentimita za nyati, karatasi inalinganisha risasi na risasi tu. Na mfupa usiuache, bila mfupa kila risasi ni shujaa.

Sikushauri umpe mtu yeyote rivolva. Kanuni zetu zinataka .375 kwenda juu kwa wanyama hao na ziko sahihi. Ninachoomba ni hiki: kabla ya msimu, kila kijana wako apige sanduku mwenyewe, alifungue kwa mikono yake, aitoe risasi, aipime. Na anayetangulia mbele ya wageni kwenye vichaka vya nyati awe na solidi chemba.

Mchoro wa sanduku nimeukunja humu ndani na vipimo vyake. Ile risasi ya gramu 11 anayo Lomayani. Nilimwomba nikutumie vijana waishike, akasema ataileta mwenyewe Agosti kama nyonga itamruhusu kukaa kwenye basi hadi Mpanda. Mtengenezee kitanda cha chini.

Ni mimi ndugu yako,
Aloyce