Barua kwa mwanangu: mchunguze muuzaji kabla ya sarafu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, natumaini hujambo. Nimezitazama picha ulizonitumia za ile dola ya fedha ya Morgan, ya mwaka 1893 yenye herufi S, na nimekaa pia nikasoma ukurasa wa huyo anayeiuza. Umeniuliza kama sarafu ni halisi. Kwa picha zile hakuna awezaye kukujibu, na hilo lenyewe limenitia wasiwasi juu ya muuzaji.

Dola za Morgan zilipigwa Marekani kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921, na nyingi ni za kawaida. Hii ya 1893 iliyotoka kiwanda cha San Francisco ndiyo inayosakwa, kwa sababu zilipigwa 100,000 tu. Basi mara nyingine tapeli hachukui taabu ya kutengeneza sarafu nzima. Huchukua dola ya 1893 iliyopigwa Philadelphia, ambayo nyuma haina herufi, akaibandika S ndogo. Fedha ni ya kweli, uzito ni wa kweli, kilichoghushiwa ni kiherufi kinachotosha kufunikwa na kichwa cha kiberiti. Wanaozijua hutazama neno LIBERTY kwenye utepe wa kichwani: juu ya herufi T ya sarafu halisi kuna kijistari cha mshazari kilichoinuka. Sasa rudi kwenye picha zako. Upande wa kichwa umepigwa kwa mbali na mwanga umeufuta utepe wote. Upande wa nyuma, pale penye S, pameangukiwa na kivuli cha kidole. Sisemi amekusudia. Lakini anayeuza sarafu hii na kujua anachokiuza angeanza kukuonyesha hapo hapo.

Kwa hiyo mwandikie, kwa adabu, umwombe picha ya T, ya S kwa karibu, ya ukingo, na ya sarafu ikiwa juu ya mizani. Dola ya Morgan ina gramu 26.73 na kipenyo cha milimita 38.1, iliyotumika sana hupungua kidogo, haiongezeki. Umwombe pia aweke kando yake kikaratasi chenye tarehe ya siku hiyo, kwa maana picha za sarafu huibwa na kupachikwa kwingine kila siku. Kisha tulia, uone atakavyojibu. Mimi namwamini mtu kwa majibu yake kuliko kwa nyota anazopewa na wanunuzi. Muuzaji mwaminifu anapenda kuulizwa, kwa sababu mnunuzi aliyeuliza kila kitu mapema harudishi mzigo. Mwenye jambo la kuficha hukasirika, au anakwambia kuna mtu mwingine analipa sasa hivi, au anatuma picha zilezile za mwanzo.

Nimeona ameandika kwamba sarafu ni za marehemu babu yake na yeye hajui lolote kuhusu sarafu. Inawezekana, watu hurithi sarafu. Lakini asiyejua lolote amejuaje kuandika kwamba ni ya daraja la MS-65, yaani sarafu isiyotumika kabisa? Ngazi ile huanzia 1 hadi 70, na hata wataalamu huvutana kwa nukta moja. Tazama vitu alivyouza miezi iliyopita. Kama babu huyo aliacha dola hiyohiyo adimu mara nne, umeshapata jibu.

Hizo nyota nazo zisome kwa ndani. Wengi waliomsifu wameandika siku waliyopokea: mzigo umefika haraka, umefungwa vizuri. Hiyo ni sifa ya usafirishaji. Mtu anaweza kukaa na sarafu bandia miaka mingi huku muuzaji akibaki na nyota tano zake. Angalia sifa hizo zilipatikana kwa kuuza nini: akaunti iliyouza vifuniko vya simu kwa muda mrefu, halafu ghafla ikajaa dhahabu na fedha, huenda imeibwa au imebadili mikono. Mimi huanza na malalamiko. Kila muuzaji anayo. Ninachotaka kujua ni kama alirudisha pesa au alimtukana mnunuzi.

Utakutana pia na sarafu zilizofungwa kwenye makasha ya plastiki yenye daraja na namba. Kampuni mbili za kukagua sarafu na kuzipa daraja zinazotegemewa zaidi ni PCGS na NGC, nazo zimefanya kazi hiyo tangu miaka ya 1980. Namba unaweza kuihakiki kwenye tovuti zao. Ila makasha yenyewe hughushiwa, na matapeli hunakili namba ya sarafu halisi, hivyo namba kukubali hakutoshi. Pale ambapo kampuni imeweka picha, linganisha mikwaruzo na madoa, moja baada ya jingine. Na kasha lenye jina usilowahi kulisikia lihesabu kuwa plastiki tu.

Muuzaji akikutumia video akiijaribu sarafu kwa sumaku, isikutulize. Ni kweli fedha na dhahabu hazinasi kwenye sumaku, lakini shaba nayo hainasi, na bandia nyingi zina shaba ndani. Sumaku husaidia kwingine, kwa mfano senti ya Marekani ya 1943. Mwaka ule zilipigwa za chuma kwa sababu ya vita, na chache mno zikatoka za shaba kwa bahati mbaya. Watu hupaka shaba zile za chuma na kuziuza kama zile chache. Hapo sumaku inamaliza ubishi.

Kuna sarafu moja ninayoipenda kwa kumjaribu muuzaji: thala, sarafu kubwa ya fedha, ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Karibu zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini ziliendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo karne mbili zilizofuata, tena katika viwanda vya nchi mbalimbali. Anayekuuzia akisema hakika ina umri wa zaidi ya miaka 200 kwa kuwa tarehe inasema hivyo, ama hajui ama anakudanganya, na mimi sinunui kwa yeyote kati ya hao. Anayeandika waziwazi kwamba ni ya kupigwa upya, huyo mweke akilini.

La malipo nakuomba usilifanyie mzaha. Akikwambia mtoke nje ya soko mlipokutana ili akupunguzie bei, mwache papo hapo. Akitaka kadi za zawadi au sarafu za kidijitali, mwache pia. Pesa ikishatoka kwa njia hizo hakuna wa kumdai. Lipa kwa njia inayokuruhusu kupinga malipo, na soma masharti ya kurudisha kabla hujalipa: ni siku ngapi, na nani anagharamia usafiri. Aliyeandika kwamba hapokei kitu kilichorudishwa, huku akidai sarafu ni halisi, mimi hanipati hata kwa nusu bei.

Ukiridhika ukanunua, mzigo ukifika uufungue huku simu ikirekodi, mfululizo, kuanzia gundi ya nje hadi sarafu. Ipime uzito na kipenyo siku hiyohiyo, itazame T kwa lenzi, na usiisafishe hata kwa kitambaa, kwa sababu ukishaisugua atakuwa na haki ya kukataa kuipokea. Shaka yoyote mwandikie kabla siku za kurudisha hazijaisha, kwenye ukurasa uleule wa mauzo ili maandishi yabaki. Na mimi nitumie anachokujibu, neno kwa neno.

Akupendaye,
Mama yako